Mishale ya Mbao za Jeneza Langu

Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa chai, nilishusha ubavu wa kushoto wa jeneza langu nikaupasua ili nitengeneze mishale.

Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kuwa ni siri. Jeneza lenyewe lilikuwa bado halijawa jeneza. Zilikuwa mbao sita zilizopigwa randa na kulazwa juu ya boriti za karakana yangu, ambako kwa miaka kumi na moja zilikauka kwa adabu na kunisubiri bila kunihimiza. Kifuniko, mbavu mbili, na vipande vya kichwani na miguuni vilikuwa vya mti mgumu mwekundu, wenye nyuzi zilizonyooka kama mistari ya daftari. Kitako peke yake kilikuwa cha msonobari, kwa kuwa kitako cha jeneza hakitazamwi na mtu, nami sikuona sababu ya kuwaandalia mchwa karamu. Nilifundisha useremala katika shule ya ufundi kwa miaka thelathini na sita, na tangu hapo nimehudhuria mazishi mengi ambayo marehemu, laiti angaliweza kuinuka, angaliinuka kulalamikia viungio. Niliapa kuwa mimi sitaondoka duniani nikiwa nimelala ndani ya kazi mbovu.

Aliyenivurugia safari hiyo kabla sijaianza ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Nyumbani tunamwita Msumari. Jina hilo alilipata utotoni, kwa kuwa alikuwa mwembamba na kila aliyejaribu kumpinda aliumia kidole. Baba yake alihamia mji wa mbali kadiri ramani ilivyoruhusu, akafuatana na mkewe. Msumari, aliyekuwa na miaka saba, alikataa kupanda basi, akabaki nami. Sasa ana miaka ishirini na sita, ni fundi wa baiskeli mwenye karakana yake mtaa wa pili, na kwa miezi minane amekuwa akichonga upinde kwa mkono. Aliuchonga, akautazama, akauchonga tena, mpaka vipaji vya nyuso zetu vikaota makunyanzi kwa kumsubiri. Ulipokwisha, ulikuwa upinde. Mimi sisifu kitu kwa urahisi, na hapo nimeusifu.

Jumamosi ya wiki ile chama cha wapiga upinde kilikuwa na jaribio. Kikosi cha kwenda kwenye mashindano ya taifa kilikuwa kimebakiwa na nafasi moja, nayo ilitengwa kwa ajili ya mtu mwenye upinde wa kuchonga na mishale ya mbao iliyotengenezwa kwa mkono. Masharti yalikuwa mafupi: mishale sita, hatua thelathini, yote iingie ndani ya duara la katikati. Msumari alikuwa na upinde, alikuwa na mkono, alikuwa na jicho. Mishale hakuwa nayo, kwa kuwa ile aliyozoea kufanyia mazoezi ilikuwa ya kiwandani.

Alinijia Jumapili nikiwa barazani.

"Babu, naomba jiliwa lako siku nne. Nataka kuchonga mishale."

"Jiliwa la kubania mbao haliazimwi. Na nani atachonga mishale?"

"Mimi."

"Katika nyumba yenye mwalimu wa useremala?"

"Mwalimu mstaafu."

"Kilichostaafu ni mshahara, si mikono. Lete vipimo, uende kwenye baiskeli zako."

Alinitazama kama anavyotazama gurudumu lililopinda, akikadiria ni nguvu kiasi gani zitahitajika. "Babu, nilitaka kuichonga mwenyewe."

"Na mimi nilitaka mambo mengi. Lete vipimo."

Akaniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari lake, yenye alama za vidole vya grisi. Juu yake aliandika urefu, kisha unene, kisha mstari huu: *Wano likiegeshwa juu ya vigingi viwili na kutundikwa kilo moja katikati, lishuke milimita kumi na saba.* Wano ni uti mtupu wa mshale, kabla haujatiwa ncha wala manyoya. Neno hilo nilimfundisha mimi, na nilifurahi kuliona limeandikwa vizuri. Lakini milimita kumi na saba niliziona nyingi. Rafu inayoshuka milimita kumi na saba huwa imekwisha kumwaga vitabu. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kuwa mtoto ametaja kikomo. Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikaongeza mbele ya tarakimu neno moja alilolisahau: *isizidi*. Kisha nikaitundika karatasi ukutani, nikaanza kutafuta mti ambao hautashuka hata hizo.

Mti huo ulikuwa juu ya kichwa changu.

Kazi ya kuchonga mawano si ya watu wenye haraka. Sikuukata ubao kwa msumeno ovyo. Niliupasua kwa kufuata nyuzi zake, kwa sababu wano lililokatwa nyuzi huvunjika siku usiyoitaka. Nikapata vijiti vya pembe nne. Kila kimoja nikakilaza ndani ya mfereji niliouchimba kwenye kipande cha mbao, nikapitisha randa ndogo juu ya pembe, zikawa nane. Nikapitisha tena, zikawa kumi na sita. Hapo macho hayahesabu tena, vidole ndivyo vinavyohesabu. Mwisho nikafunga ncha moja kwenye keekee ya umeme, nikalishika wano kwa msasa likizunguka, mpaka likawa mviringo na joto kama mkono wa mtoto.

Shahidi wa kazi hiyo alikuwa mkwe wangu Kifungo, babu yake Msumari kwa upande wa mama, fundi cherehani, ambaye huja kwangu kila asubuhi na kigoda chake mwenyewe kwa madai kuwa viti vyangu vinamfanya ajihisi yuko mahakamani.

"Hivyo ni nini, mkwe?" aliuliza siku ile ya kwanza. "Vijiti vya kumchokolea tembo meno?"

"Mishale ya mjukuu wako."

"Mjukuu wetu. Akikosa ni wako." Akainua macho kwenye boriti, akahesabu. "Zilikuwa sita. Naona tano."

"Umeona vizuri."

"Kwa hiyo ukifa leo tunakuzika na upande mmoja wazi."

"Ukinizika hivyo, uhakikishe upande huo hauelekei kwako."

"Hapana, uwe wazi tu. Upate hewa. Maisha yako yote umefunga vifungo mpaka shingoni."

Nilimwacha aseme. Fundi cherehani ni mtu aliyezoea vitu vinavyojikunja. Ukimweleza habari ya kitu kilichonyooka unamchosha. Hata hivyo nilimhitaji, kwa sababu yeye ndiye aliyefunga manyoya kwenye mishale kwa uzi wa hariri, na kwa kazi ya uzi sina la kumfundisha. Siku ya Jumatano tulikuwa na mishale sita, myekundu, iliyong'aa, na migumu hivi kwamba Kifungo alipojaribu kuukunja mmoja kwa mikono miwili, goti lake ndilo lililolia.

"Hii ni mishale au ni wewe umekatwa vipande?" alisema.

Nililichukua hilo kama sifa.

Alhamisi mchana Msumari alifunga karakana yake mapema, akaja na upinde. Uani tulikuwa tumeegemeza gunia ukutani, limejazwa vitambaa vilivyobaki kwenye mkasi wa Kifungo. Tukapima hatua kumi na tano. Upande wa kushoto wa gunia, kwenye kamba ya kuanikia nguo, ilining'inia suruali ya suti yangu ya kustaafia, ambayo huifua mwenyewe kila baada ya miezi mitatu, iwe imevaliwa au haikuvaliwa.

Msumari aliushika mshale wa kwanza, akaugeuza, akautazama ncha hata mkia.

"Mzuri sana, Babu."

"Najua."

"Uliupima kwa kilo?"

"Nimezidisha," nilisema. "Utaona."

Akavuta upote, ile kamba ya upinde, mpaka shavuni, akatulia, akaachia. Mshale ukatoka na mlio wa kugonga, kana kwamba mtu amebisha mlango, ukaenda zake kushoto, ukazama katika makalio ya suruali yangu, ukaibandika ukutani.

Msumari akaweka wa pili. Ukabisha mlango, ukaenda palepale. Wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita ikafuata, yote ikiwa imesongamana katika sehemu ile ambayo mwanadamu huitumia kukalia, shubiri mbili kamili kushoto ya katikati ya gunia.

Kifungo alikwenda karibu, akaikagua kwa utulivu wa mtu wa fani. "Mimi nilishona mfuko mmoja wa nyuma," alisema. "Naona umeongezewa sita."

"Umesimama vibaya," nilimwambia Msumari. "Bega limelala."

Akainua bega, akatoa mishale sita kwenye suruali, akapiga tena mitatu. Suruali ikaipokea yote.

"Basi ni upinde," nilisema. "Mshale umenyooka kama rula, kwa hiyo kosa liko kwenye upinde. Hapo mshale unapopita pamevimba. Nipe nipapunguze kidogo." Nami nilikuwa tayari nimechukua tupa.

Msumari alisogea akasimama kati yangu na upinde wake. Hakupandisha sauti, hajawahi kupandisha sauti tangu siku ile aliyokataa kupanda basi.

"Babu, weka tupa chini."

"Ni kidogo tu."

"Miezi minane, Babu. Ukiugusa, mimi na wewe tutasalimiana kwa barua."

Niliweka tupa chini. Kifungo alijifanya anatafuta sindano kwenye ukosi wake.

Msumari akaingia karakana, nasi tukamfuata. Akaegesha mshale mmoja juu ya vigingi viwili, akatundika jiwe la mizani la kilo moja katikati, akapima kwa rula. Mshale uliinama kwa namna ya mtu anayemsalimia asiyempenda.

"Nane," alisema. "Niliandika kumi na saba."

"Nane ni bora kuliko kumi na saba."

"Nani kasema?"

"Rafu yoyote itakwambia."

"Babu, hii siyo rafu." Akageuka akaitazama karatasi yake ukutani. Akaisogelea. Akaisoma mara mbili. "Hili neno 'isizidi' ameliandika nani?"

Nilitazama dirishani.

"Wino mwekundu," alisema Kifungo, akiangalia dari. "Labda panya."

Sasa natakiwa nieleze kosa langu, na nitalieleza kwa ufupi kwa kuwa halinipendezi. Nilisoma kipimo cha mshale kama seremala wa rafu anavyosoma. Kwa seremala, kushuka ni aibu, na kila milimita unayoipunguza ni zawadi kwa mteja. Mjukuu wangu aliomba kumi na saba, nami kwa ukarimu nikampa nane, nikasubiri kushukuriwa.

Alitoa simu yake, akanionyesha picha ya video aliyoipiga uwanjani kwao, iliyopunguzwa mwendo mpaka kila kitu kikaenda kama mtu anayetembea ndani ya maji. Mkono uliachia upote. Mshale wa mbao ulianza kutoka, na mara ukajikunja. Uliuzunguka upinde kwa tumbo, ukapeleka mkia upande mwingine, ukatikisika kama samaki anayepita kati ya mawe, na ulipokwisha kuupita upinde ukanyooka, ukaenda katikati ya shabaha.

"Rudisha," nilisema.

Akarudisha. Nikaitazama mara nne.

"Upinde umesimama katikati ya njia," alisema. "Mshale ukikataa kupinda, unaugonga upinde na kutupwa kando. Ukikubali, unauzunguka, halafu unanyooka huko mbele."

"Kwa hiyo ule usiopinda ndio unaokwenda upande."

"Ndiyo."

"Na ule unaopinda ndio unaokwenda sawa."

"Ndiyo, Babu."

"Hilo," nilisema, "ni jambo la fedheha."

"Spoki za baiskeli nazo ziko hivyo. Ukizikaza mno, gurudumu linakataa barabara."

Nilikaa kwenye benchi. Niliwafikiria wanafunzi wangu wa miaka thelathini na sita, ambao wengi wao niliwarudishia kazi kwa kosa la kupinda kidogo tu. Nikamfikiria na baba yake Msumari, ila huyo sikumfikiria kwa muda mrefu, kwa kuwa Kifungo alikuwa ananitazama.

"Kesho ni Ijumaa," alisema Msumari. "Gundi ya manyoya inahitaji usiku mzima kukauka. Nina siku moja. Una mti laini uliokauka?"

Alijua kuwa ninao. Alikuwa amekwisha kutazama juu.

"Mkwe," alisema Kifungo kwa upole, "ubavu hauna, na sasa unatoa kitako. Tutakubeba kwa nini? Kwa kifuniko?"

"Mtanisubirisha."

"Basi tumepata dawa ya kifo. Tuwe tunakuazima mbao."

Ijumaa tulifanya kazi sisi watatu tangu asubuhi, na ningependa kusema kuwa mimi ndiye niliyeongoza. Msumari alishika rula na jiwe la mizani. Mimi nilishika randa. Kila wano nililolimaliza nililipeleka kwake nikasubiri, mzee wa miaka sabini na tisa, mikono nyuma, huku akilitundika kilo na kuinama kusoma. Alikuwa amechukua kalamu yangu nyekundu. Sikumpa, aliichukua.

"Kumi na mbili," alisema. "Rudia."

Nikarudia.

"Kumi na tano. Rudia."

"Kumi na tano na kumi na saba ni ndugu."

"Hata wewe na Babu Kifungo ni wakwe. Rudia."

"Mfundishe," alisema Kifungo, meno yakiwa yameuma uzi. "Mti mkavu haukunjiki, lakini wewe mfundishe."

Ndipo msonobari uliponionyesha sura yangu. Nilipouchagua ubao ule miaka kumi na moja iliyopita, niliuchagua kwa kuwa ungefichwa, na kwa sababu ya kufichwa sikuujali. Ulikuwa umejaa vifundo. Mimi, niliyewaambia watoto wa watu kwamba nyuma ya kabati pachongwe kama mbele, niliweka vifundo mahali ambapo hakuna atakayeona. Kila nilipopasua, kifundo kilinitazama kama jicho. Wano lenye kifundo ni wano lililovunjika ambalo halijapewa taarifa. Mawili yalikatika mkononi mwangu. Manne yalikuwa mafupi. Matatu Msumari aliyakataa kwa kuwa yalishuka ishirini na tano, na hayo, alisema, yatakwenda kulia. Jua lilipoanza kulalia ua, ubao ulikuwa umekwisha, na mezani kulikuwa na mawano matano, meupe, yote yakishuka kumi na saba.

"Tano," alisema Kifungo.

"Naona," alisema Msumari.

"Masharti yanasema sita."

"Nayajua, Babu."

Hapo nilifanya jambo ambalo sijalizoea. Nilitaka kumwambia kuwa nimekosa, nikafungua kinywa, na kilichotoka ni swali kama amekula. Alisema amekula. Kisha akainuka, akaenda kwenye kona nilikoitupa mishale myekundu, akachagua mmoja, akaupima mkononi.

"Nitakwenda na huu."

"Usiende na huo," nilisema. "Huo utakuaibisha. Unakwenda kushoto."

"Najua unakokwenda."

Akachukua upinde, akatoka uani peke yake. Nilisikia mshale ule ukibisha mlango mara nyingi, pengine ishirini, na katikati nilimsikia akitembea na kuhesabu hatua. Sikutoka kutazama. Kifungo na mimi tuliendelea kufunga manyoya kwenye ile mitano, na kwa mara ya kwanza katika ukwe wetu hakuna aliyemtania mwenzake kwa muda wa saa nzima, jambo ambalo lilitutia hofu sote wawili.

Uwanja wa chama ni mahali pa nyasi fupi na hotuba ndefu. Mwenyekiti wake ni mtu ambaye tumbo lake hufika mkutanoni kabla yake, na ambaye hajawahi kuonekana akipiga mshale, kwa maelezo kuwa uongozi humchukulia muda. Kwa heshima ya siku ile aliamuru bango lisimamishwe kando ya shabaha, upande wa kulia, lenye maneno ya kuwakaribisha wageni na picha yake kubwa akitabasamu na upinde mkononi. Upinde ulikuwa umeshikwa juu chini. Waliouona walikuwa wengi, waliomwambia hawakuwapo.

Walioshindania nafasi walikuwa watano. Watatu walikosa mapema wakaenda kutafuta maji. Wa nne, fundi wa meno, mtu mwangalifu mwenye mishale aliyoichonga kwa zana zake za kazini, aliingiza mitano, na wa sita ukatua nje ya duara kwa upana wa kidole. Aliutazama muda mrefu, kama anayefikiria kuung'oa.

Msumari akawa wa mwisho. Alipiga mishale myeupe mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza uliingia. Wa pili uliingia. Nilisimama nyuma ya kamba pamoja na Kifungo, na kila mshale ulipotoka haukubisha mlango. Ulitoka kimya, ukapinda mbele ya macho yangu ambayo sasa yalijua pa kutazama, ukanyooka. Wa tatu, wa nne na wa tano ikaingia. Watu wakaanza kuisogelea kamba.

Akautoa mwekundu.

"Huo ni wa rangi nyingine," alisema mwamuzi.

"Ni wa mbao, umetengenezwa kwa mkono," alisema Msumari. "Mtengenezaji yule pale, mwenye tai."

Mwamuzi alinitazama, akaiona tai, akaridhika.

Msumari akaweka mshale kwenye upote. Kisha akaiacha shabaha. Aligeuza miguu yake kidogo kuelekea kulia, akavuta, na ncha ya mshale ikatulia juu ya uso wa Mwenyekiti kwenye bango.

Kiti cha Mwenyekiti halisi kilisogea. "Binti," aliita kutoka mezani kwake, "shabaha iko kule."

"Naiona, Mwenyekiti," alijibu, upote ukiwa shavuni.

"Sasa mbona unanilenga mimi?"

"Kanuni zinasema mshale uingie wapi. Hazisemi jicho litazame wapi."

Mwamuzi akafungua kijitabu chake, akalamba kidole, akafunua kurasa mbili, akakifunga.

"Analenga meno," alinong'ona Kifungo.

"Pua," nilisema. "Tundu la kushoto."

"Unasali, mkwe? Midomo inacheza."

"Nahesabu." Kwa maana nilikuwa nimekwisha kuelewa. Kwa hatua kumi na tano mshale wangu ulikwenda kushoto shubiri mbili. Kwa hatua thelathini ungekwenda shubiri nne. Kutoka katikati ya duara mpaka pua ya Mwenyekiti palikuwa, kwa jicho la mtu aliyepima mbao maisha yake yote, shubiri nne na upuuzi kidogo. Nilikadiria mara tatu, na mara zote tatu niliogopa ule upuuzi.

Akaachia.

Mshale ulibisha mlango. Uliondoka kuelekea kwenye uso wa Mwenyekiti kwa ukaidi ule ule nilioutia ndani yake kwa siku tatu, kisha, bila kuombwa na mtu, ukaenda kushoto kama ulivyokwenda siku zote, ukapita mbele ya sikio la picha, ukapiga shabaha. Ulizama upande wa kulia wa duara. Mwamuzi alikwenda, akainama, akavua miwani, akaivaa. Tulisubiri muda wa kutosha kuzeeka.

"Ndani," alisema. "Umegusa mstari kwa ndani. Sita."

Fundi wa meno alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na hilo namwekea heshima. Kifungo alikuwa ameketi kwenye nyasi bila kigoda. Msumari aliandikishwa katika kikosi palepale, mezani kwa Mwenyekiti, ambaye alimpa kalamu lakini hakuiachia upesi.

"Niambie ukweli," alisema. "Kama mshale ungekwenda ulikoelekezwa?"

"Usingekwenda."

"Una uhakika gani?"

"Mshale ule haujawahi kubadili mawazo, Mwenyekiti. Nimelelewa nao."

Alisema hivyo bila kugeuka, ingawa nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Mwenyekiti hakuelewa, akacheka ili aonekane ameelewa. Mimi nilitengeneza tai yangu, nikavuka uwanja, nikaenda kuutoa mshale. Ulikuwa umeingia ndani sana. Vijana wawili wa chama walikuja na koleo wakajitolea kunisaidia, nikawaambia warudi mahali pao. Kisha nikaweka mguu mmoja kwenye shabaha, nikashika kwa mikono miwili, nikavuta.

Watu walikuwa wamekwisha kukunja viti nilipoupata.